Pandikizi Mezani: Filamu ya The East na Majasusi wa Kweli

Watu waliojifunika nyuso wanaingia usiku katika jumba la kigogo wa kampuni ya mafuta. Hawaibi kitu. Muda si muda mafuta mazito meusi yanaanza kutoka kwenye matundu ya kupitishia hewa na kumwagika ndani ya nyumba, kama vile kampuni yake ilivyoyamwaga baharini. Juu ya picha hizo inasikika sauti changa ya kike ikieleza kwa utulivu kwamba huo ni mwanzo tu, na kwamba wakubwa wengine wajiandae.

Ndivyo inavyoanza The East, filamu ya Kimarekani iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2013 na kuingia kwenye kumbi za sinema mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Mwongozaji wake ni Zal Batmanglij. Brit Marling aliandika naye mswada na ndiye mwigizaji mkuu. Wamo pia Alexander Skarsgård, Elliot Page, Toby Kebbell na Patricia Clarkson, na miongoni mwa watayarishaji limo jina zito la Ridley Scott. Pamoja na majina yote hayo, filamu haikuvuma. Ilipita kimya, ikasifiwa kidogo, ikalaumiwa kidogo, kisha watu wakahamia kwenye sinema nyingine.

Hata hivyo inastahili kutazamwa upya leo, tena kwa jicho la mtu anayejua yaliyotokea nje ya skrini. Tangu ilipotoka, mahakama na tume nchini Uingereza, na mahakama za Marekani, zimeanika mambo mengi kuhusu majasusi waliopandikizwa kati ya watetezi wa mazingira. Mengi yanafanana na filamu kiasi cha kushangaza. Yasiyofanana yanashangaza zaidi.

Mhusika mkuu ni Jane, kijana aliyepitia shirika la upelelezi la FBI na sasa ameajiriwa na Hiller Brood, kampuni binafsi ya ujasusi. Wateja wake ni makampuni makubwa yanayotaka kujua nani anapanga kuyaharibia jina au mali. Bosi wake, Sharon, ni mwanamke mwenye sauti laini na roho ya barafu. Jane anapewa jina la Sarah na kazi ya kujipenyeza ndani ya The East, kundi la siri linalowaadhibu wakuu wa makampuni kwa kuwaonjesha madhara ya bidhaa zao wenyewe. Anamuaga mpenzi wake kwa uongo kwamba anasafiri kikazi ng'ambo, anavaa nguo kuukuu, anadandia treni za mizigo na kulala na vijana wasio na makazi, mpaka mmoja wao anamfungulia mlango. Anajichana mkono makusudi ili apate sababu ya kupelekwa kwa daktari wa kundi, kwenye nyumba iliyoungua, katikati ya msitu.

Huko ndiko liliko tukio bora kuliko yote katika filamu. Wenyeji wamekaa mezani, kila mmoja amevalishwa koti la kufungia mikono kama lile la wagonjwa wa akili wa zamani. Mbele yao kuna bakuli za supu na vijiko virefu vya mti. Mgeni anaambiwa aanze. Sarah anahangaika, anainama, anajaribu kuinywa supu kwa mdomo kama mnyama. Wenzake wanamtazama tu. Kisha kila mmoja anang'ata kijiko kwa meno, anachota supu na kumlisha jirani yake. Mtihani umekwisha, na mgeni amefeli: hakuwaza hata mara moja kwamba angeweza kumlisha mwingine. Msomaji aliyelelewa kwa kula sinia moja na wenzake anaweza kujiuliza kwa nini Wamarekani hawa walihitaji makoti ya wendawazimu kujifunza jambo hilo, lakini kwa Sarah, mtoto wa dunia ya kila mtu na sahani yake, ni pigo la kweli.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda kasi. Kundi linajialika kwenye sherehe ya kampuni ya dawa na kuwawekea wakubwa ndani ya shampeni dawa ileile wanayoiuza. Sarah anataka kuzuia. Anajificha na kumpigia simu bosi wake kumweleza kinachokaribia kutokea. Sharon anamjibu kwamba kampuni hiyo si mteja wao, basi aendelee kutazama. Ni maneno machache yasiyo na kelele, lakini ndipo filamu inapofunua kiini chake. Ujasusi wa kukodi haumlindi mtu wala sheria, unamlinda aliyelipa.

Adhabu inayofuata inamgusa Izzy, binti aliyeigizwa na Page. Baba yake anaongoza kampuni ya nishati inayomwaga maji yenye sumu karibu na makazi ya watu, na watoto wa hapo wanaugua. Kundi linamlazimisha mzee huyo aingie majini aoge. Katika kukimbia, Izzy anapigwa risasi. Daktari wa kundi hawezi kumfanyia upasuaji kwa sababu mikono yake inatetemeka kutokana na dawa ileile ya kwenye shampeni, kwa hiyo Sarah, jasusi, ndiye anayeingiza vidole kwenye jeraha kwa maelekezo yake. Binti anafariki. Baada ya hapo hakuna anayejua tena Sarah yuko upande gani, na yeye mwenyewe hajui.

Waandishi hawakuitunga dunia hiyo wakiwa wamekaa sebuleni. Katika kiangazi cha 2009 Marling na Batmanglij waliishi bila kununua chochote. Walidandia treni, walilala juu ya mapaa, wakaokota chakula kilichotupwa na maduka makubwa na kuishi na vijana wanaoamini kwamba nchi inayotupa chakula chote kile haina haja ya kuuza kingine. Hawakwenda kutafuta hadithi ya filamu. Walikwenda kuishi, na hadithi ikaja baadaye. Inaonekana. Jalala wanalochakura wahusika lina harufu ya jalala, na furaha ya kuosha vyombo pamoja usiku haikuigizwa kwa kukisia.

Hata dawa ile ina mzizi wa kweli. Jina lake kwenye filamu ni la kubuni, lakini inafanana na kundi la antibiotiki liitwalo fluoroquinolone, ambalo mwanafamilia wake maarufu ni ciprofloxacin, dawa inayopatikana katika maduka ya dawa kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Julai 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kusababisha kano kuvimba au kukatika. Agosti 2013, miezi isiyofika mitatu baada ya filamu kuingia kwenye kumbi za sinema, mamlaka hiyohiyo iliagiza maelezo ya dawa yaeleze waziwazi hatari ya kuharibika kwa neva, madhara yanayoweza kudumu. Mwaka 2016 ikashauri zisitumiwe kwa maambukizi mepesi pale penye dawa nyingine. Haina maana kwamba mgonjwa azitupe; kwa maelekezo ya daktari bado zinaokoa maisha. Ila daktari wa filamu mwenye mikono inayotetemeka hakutoka hewani.

Sasa tuje kwenye ujasusi wenyewe.

Mtazamaji wa kawaida huona Hiller Brood kama chumvi ya sinema. Kampuni gani itawalipa watu kwenda kula mlo mmoja na wanaharakati maskini, kuimba nao na kulala nao? Jibu liko London, miaka mingi kabla ya filamu. Kulikuwa na kikundi kidogo kilichoitwa London Greenpeace, kisichohusiana na shirika kubwa la kimataifa la jina hilo. Mwaka 1986 kikundi hicho kilichapa kijikaratasi kilichoishutumu kampuni ya McDonald's kuhusu misitu, lishe, wanyama na mishahara ya wafanyakazi. McDonald's ikakodi kampuni mbili za upelelezi. Wapelelezi walihudhuria mikutano, wakajitolea kujibu barua, wakagawa vijikaratasi barabarani. Kuna mikutano ambayo wapelelezi walikuwa wengi sawa na wanaharakati wenyewe, huku wale wa kampuni moja wasiwajue wale wa kampuni ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa nguo yenyewe ilikuwa imebaki ndogo kuliko chawa. Mmoja wao aliishi kwa miezi kadhaa katika mapenzi na mwanachama wa kikundi.

Watu watano walishtakiwa kwa kashfa mwaka 1990. Watatu waliomba radhi. Wawili waliobaki, Helen Steel na Dave Morris, walikataa, wakajitetea wenyewe bila wakili wa kulipwa katika kesi iliyoanza kusikilizwa Juni 1994 na kumalizika Juni 1997, ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza. Jaji aliona baadhi ya madai yao ni ya kweli na mengine siyo, akawaamuru walipe fidia ambayo kampuni haikuwahi kuidai. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kesi hiyo haikuwa ya haki kwao, kwa kuwa walinyimwa msaada wa kisheria dhidi ya tajiri wa ukubwa ule.

Katika kesi hiyo lilitokea jambo ambalo mwandishi wa filamu angelipenda: mmoja wa wapelelezi wa kukodiwa, mwanamke, alisimama kizimbani upande wa washtakiwa na kueleza kwamba kazi ile haikumkaa vizuri moyoni. Huyo ndiye Sarah wa kweli aliye karibu zaidi na Sarah wa filamu.

Lakini hadithi ina chumba kingine nyuma yake. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba miongoni mwa walioandika kile kijikaratasi alikuwa Bob Lambert, askari wa siri wa polisi wa London aliyejiita Bob Robinson. Ina maana serikali, kupitia askari wake, ilisaidia kuandika maneno ambayo raia wawili walishtakiwa kwayo kwa miaka. Na mwanamume aliyekuwa mpenzi wa Helen Steel, aliyeishi naye na kisha kutoweka mwaka 1992 akiacha barua za kuhuzunisha, alikuwa askari vilevile. Jina alilolitumia alilichukua kwa mtoto aliyekufa zamani. Steel alimtafuta kwa miaka, akaishia kukuta cheti cha kifo cha mtoto huyo.

Kuiba majina ya watoto waliofariki haikuwa ubunifu wa askari mmoja. Ulikuwa utaratibu wa kikosi kizima, kilichoundwa mwaka 1968 baada ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Askari alitafuta kwenye daftari la vifo mtoto wa kiume wa rika lake, akaenda kutembelea mtaa alikozaliwa ili ajue kona zake, akafuga nywele, akapewa gari na chumba cha kupanga. Kisha akatoweka kwa miaka minne au mitano.

Askari wa siri anayejulikana kuliko wote ni Mark Kennedy. Mwaka 2003 alitua Nottingham kwa jina la Mark Stone, mwenye nywele ndefu, michoro mwilini na gari la kubebea watu na mizigo. Wanaharakati wengi hawana gari. Mwenzao mwenye gari, anayejua kupanda milima na majengo kwa kamba, ambaye hana neno akiombwa hela ya mafuta, alipendwa haraka. Alipoulizwa fedha anazitoa wapi, alidokeza kwamba zamani aliwahi kusafirisha dawa za kulevya. Alizunguka nao Ulaya nzima, Iceland, Denmark, Ujerumani, akiwa sehemu ya kila kambi. Wakati huohuo alikuwa na mke na watoto, na ndani ya harakati alikuwa na zaidi ya mpenzi mmoja.

Aprili 2009 polisi walivamia shule moja ya Nottingham usiku na kukamata watu 114. Walikuwa wanapanga kuingia katika kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Ratcliffe-on-Soar na kukisimamisha kwa wiki moja. Kennedy alikuwa kati yao. Alikuwa amerekodi mazungumzo yao kwa saa ya mkononi iliyofichwa kinasa sauti.

Kilichomwangusha hakikuwa ujasusi wa upande wa pili. Mwaka 2010, wakiwa safarini Italia, mpenzi wake alikuta pasipoti yenye jina asilolijua. Marafiki walichimba polepole, wakakuta nyaraka za familia yake halisi, na Oktoba mwaka huo wakamweka kitako katika nyumba moja ya Nottingham na kumuuliza. Akakiri, akalia. Januari 2011 kesi ya washtakiwa sita wa Ratcliffe ilifutwa, na Julai Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za wengine 20, kwa sababu kanda alizorekodi zilikuwa zimefichwa wakati zingewasaidia kujitetea. Kituo chenyewe cha Ratcliffe kilizimwa rasmi tarehe 30 Septemba 2024, cha mwisho cha makaa ya mawe Uingereza. Wale vijana walitaka wiki moja tu.

Kuna jambo moja dogo linalomrudisha mtu kwenye filamu. Kennedy alipoacha polisi mapema 2010 alirudi kwa wanaharakati akiwa Mark Stone yuleyule, na magazeti ya Uingereza yaliripoti uhusiano wake na kampuni binafsi ya ujasusi iliyoanzishwa na ofisa mstaafu wa polisi. Mpaka kati ya jasusi wa serikali na jasusi wa kukodi, ambao Jane wa filamu aliuvuka kutoka FBI kwenda Hiller Brood, haukuwa na geti.

Marekani ina visa vyake, na kimoja kinaumiza. Eric McDavid alikuwa kijana wa California aliyempenda msichana aliyejiita Anna. Anna alikuwa mwanafunzi aliyeanza kufanya kazi na FBI akiwa bado na miaka 17, baada ya kwenda kwenye maandamano ya Miami ya 2003 ili aandike kazi ya darasani. Alilipwa zaidi ya dola 65,000. Yeye ndiye aliyewasafirisha McDavid na vijana wenzake na kuwanunulia vyakula, na nyumba waliyokaa msituni ililipiwa na FBI na kujazwa kamera. Walipokuwa wakiyumba kuhusu nini cha kulipua na kama walipue chochote, ni yeye aliyewasukuma wapange. McDavid alikamatwa Januari 2006. Hakuna kilicholipuliwa. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha karibu miaka 20, akakitumikia kwa takriban miaka tisa, mpaka Januari 2015 alipoachiwa baada ya kubainika kwamba maelfu ya kurasa za nyaraka hazikutolewa kwa upande wa utetezi, zikiwemo barua za mapenzi kati yake na Anna. Baraza la waamuzi halikupata kujua kwamba mshtakiwa alikuwa na ndoto ya mapenzi, na kwamba ndoto hiyo ilichochewa na shahidi mkuu wa serikali.

Haina maana kwamba hapakuwa na moto wa kweli. Palikuwa nao. Tarehe 19 Oktoba 1998 majengo ya kituo cha kuteleza kwenye theluji huko Vail, Colorado, yaliteketezwa na watu wa Earth Liberation Front waliopinga upanuzi wake katika makazi ya linksi, paka pori wa milima ile. Hasara ilifika dola milioni 12. Kikundi hichohicho, walichokiita Familia, kilichoma mabohari ya mbao, vituo vya idara ya misitu na machinjio ya farasi katika majimbo ya magharibi hadi 2001. Kilichokiangusha ni mmoja wao aliyekubali kuvaa kinasa sauti na kuzunguka nchi akiwatembelea rafiki zake wa zamani, akiwachokoza wakumbushane ya kale. Desemba 2005 wakaanza kukamatwa. Mei mwaka huo ofisa mwandamizi wa FBI alikuwa ameiambia kamati ya Baraza la Seneti kwamba watu wa aina hiyo ndio tishio namba moja la ugaidi wa ndani, kauli nzito katika nchi iliyopigwa Septemba 2001. Na mioto yote ya kundi hilo nchini Marekani haikuua mtu hata mmoja. Walikuwa na sharti la kuhakikisha jengo ni tupu kabla ya kuwasha.

Hapo ndipo filamu inapoanza kupotoka, na ni kosa la maana. The East inawapa wanaharakati ukatili ambao wenzao wa kweli hawakuwa nao. Kuwawekea watu sumu kwenye vinywaji, kumsukumia mzee kwenye maji machafu, hizo ni njama za mwandishi anayehitaji mvutano. Zinavutia kwa sababu zinafuata jino kwa jino, na mtazamaji anashawishika kuzishangilia kabla ya kujishtukia. Lakini wanaharakati waliojaza mahakama za Uingereza na Marekani walichoma majengo matupu, walijifunga kwa minyororo kwenye mageti, walikaa juu ya miti. Mara nyingi hawakufanya hata hayo. Walipanga tu, huku jasusi akinukuu.

Anayetafuta kifo cha kweli katika historia ya kujipenyeza atakikuta upande mwingine. Aprili 1985 mwanamke Mfaransa alifika ofisi ya Greenpeace huko Auckland, New Zealand, akakunja barua, akala na wenyeji, akaulizia ramani na mahali pa kupiga mbizi. Jina lake halisi ni Christine Cabon, na alitumwa na idara ya ujasusi ya Ufaransa. Usiku wa tarehe 10 Julai mabomu mawili yaliizamisha meli ya Rainbow Warrior iliyokuwa ikijiandaa kwenda kupinga majaribio ya nyuklia ya Ufaransa huko Mururoa. Mpiga picha Fernando Pereira alizama nayo. Majasusi wawili walihukumiwa miaka 10 kwa kuua bila kukusudia, na waliachiwa kabla ya miaka mitatu kuisha.

Kinyume chake, filamu inampa jasusi huruma ambayo rekodi haimpi. Sarah analemewa na dhamiri. Anampenda Benji, kiongozi wa kundi, na mapenzi hayo yanaonyeshwa kama mlango wa yeye kuamka. Mwishoni anakataa kuwa mtumwa wa bosi na pia wa mpenzi, akachagua njia yake ya tatu: kuwaendea majasusi wenzake mmoja mmoja na kuwaonyesha walichokuwa wakikilinda. Ni mwisho mzuri, na ni ndoto. Katika maisha halisi mapenzi hayo hayakumwamsha jasusi. Yalikuwa kifaa cha kazi. Novemba 2015 polisi wa London waliwaomba radhi rasmi wanawake saba, wakikiri kwamba mahusiano yale yalikuwa ya udanganyifu na dhuluma na yalivunja haki zao za kibinadamu. Bob Lambert alizaa na mwanaharakati kisha akaondoka. Mama wa mtoto alilipwa zaidi ya pauni 400,000 mwaka 2014. Mwanamke mmoja aliyekuwa mpenzi wa Kennedy alikwenda kwenye mahakama maalumu ya mambo ya upelelezi, na Septemba 2021 ikaamua kwamba polisi walikiuka haki zake, ikiwemo haki ya kutotendewa udhalilishaji. Alipewa fidia ya zaidi ya pauni 229,000. Alijiwakilisha mwenyewe katika sehemu kubwa ya kesi hiyo.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama The East ni ya kweli, jibu ni kwamba ni ya kweli pale asipotegemea. Kampuni ya kukodi majasusi ipo: mwaka 2017 nyaraka zilizovuja zilionyesha jinsi kampuni ya ulinzi ya TigerSwan, iliyokodiwa na wamiliki wa bomba la mafuta la Dakota Access, ilivyowapeleleza waandamanaji wa Standing Rock, wengi wao wenyeji asilia wa Marekani, na kuwalinganisha na wapiganaji wa jihadi. Kitanda cha pamoja kipo. Jina la kuazima lipo. Kisichokuwepo, isipokuwa kwa nadra kama yule mpelelezi wa kesi ya McDonald's, ni dhamiri inayozinduka kwa wakati.

Batmanglij na Marling hawawezi kulaumiwa sana. Walikuwa wakiandika wakati habari ya Kennedy ndiyo kwanza inafumuka, na ushahidi wa wanawake wale ulikuwa haujasikika mahakamani. Lakini tazameni filamu kwa kubadilisha kiti. Badala ya kumfuata Sarah, mfuateni Benji au Izzy. Fikirini wao ndio walioletewa mgeni mwenye jeraha mkononi, wakamfunga bandeji, wakamlisha supu kwa kijiko cha mdomoni. Inakuwa filamu nyingine kabisa, na ya kutisha zaidi. Anayetaka kuendelea atafute pia If a Tree Falls ya mwaka 2011, filamu ya hali halisi ya Marshall Curry kuhusu mmoja wa watu wa Earth Liberation Front, isiyomtakasa wala kumdhalilisha mtu.

Nchini Uingereza tume ya uchunguzi iliyotangazwa baada ya kashfa hizi ilianza kusikiliza ushahidi mwaka 2020. Imebaini angalau askari wa siri 139 na vikundi vya kisiasa zaidi ya 1,000 vilivyopelelezwa, vingi vikiwa havijawahi kurusha hata jiwe. Ripoti yake ya kwanza, ya Juni 2023, ilihitimisha kwamba kama wananchi wangejua mbinu za kikosi kile cha 1968 katika miaka yake ya mwanzo, kingefungwa haraka. Hawakujua. Kilifanya kazi hadi 2008.